Simu Nyuma ya Pazia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe nisalimie wifi na watoto. Natumaini mgongo umekuachia na umerudi kazini. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake ni marehemu mama.

Ulisikia nimemshtaki mume wangu. Hukuambiwa kwa nini. Mama alipokuwa anaumwa nyumbani kwangu, mume wangu alificha simu nyuma ya pazia la chumba alicholala mama, ikanasa kila nilichomwambia mama nikimgeuza kitandani na kumkanda miguu. Nilimwambia mengi, kaka. Kwamba napigwa. Kwamba nataka kuondoka. Baada ya mazishi, mume wangu akaanza kunirudishia maneno yangu neno kwa neno, tukiwa mezani, bila kupandisha sauti. Nilidhani narukwa na akili, mpaka nilipoikuta ile simu ikiwa na sauti zetu.

Wakili wangu, mwanamke mmoja asiyeishiwa utani, alinieleza kwamba kwa sheria yetu mzungumzaji mmoja tu akiridhia kurekodiwa, kosa halipo. Lakini sisi tulikuwa wawili na hakuna aliyejua, kwa hiyo jamaa kapatikana. Akaniomba nisikilize rekodi zote.

Nilisikiliza mle mle chumbani, nimekaa kwenye kitanda cha mama. Nikafika mahali mlango unalia: ni mimi natoka kumchemshia maji. Mama anakohoa, kisha anasema taratibu, sauti karibu kabisa, bila shaka kageukia pazia:

“Mkwe wangu, kidude chako nimekiona tangu juzi. Kiache hapo hapo. Mimi nikikwambia unamuua mwanangu, hunisikii. Basi msikie mwenyewe.”

Mlango unalia tena. Mama anasema, kwa ile sauti yake ya upole, “Enhe, mwanangu, ulikuwa unaniambiaje?”

Nami nikaendelea.

Mama alidhani mtu yule ataingiwa na huruma. Sijui nimlilie au nimkasirikie. Nilimpelekea wakili rekodi; safari hii hakutania. Kesi imekufa kwa ridhaa ile ya mama. Nimehamia chumba cha nyuma ya duka ninaposhonea, wala sirudi kwa yule bwana. Ila hata humu, peke yangu, mdomo haufunguki kabla sijapapasa mapazia.

Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia. Ukija, kaka, usinisemeshe ndani. Tutoke nje kwanza.

Mungu awatunze nyote.

Ni mimi, kitindamimba wenu.