Vyungu Viwili kwa Siku ya Amani

Leo ni Jumatano, wiki ya pili ya mwezi wa kumi, Kigoma. Mawingu yamejaa tangu alfajiri na mvua imekataa kushuka. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke kwetu Wamaza, Kongo, kwa miguu mpaka ziwani, na ni mara ya kwanza katika miaka hiyo yote kuombwa rasmi nirudi.

Nimekasirika. Nimekunywa chai mara mbili, nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na hasira haijatoka. Basi niandike.

Ujumbe umetoka kwa Zaina, binti wa marehemu rafiki yangu Amisi. Ameutuma kwa sauti, kwenye simu, na nyuma yake nasikia kuku na mtu anayetwanga. Anasema komite ya makanisa na misikiti ya kule Kabambare inaandaa siku ya amani, na itafanyika kwetu Wamaza. Padri atakuja kutoka Kasongo, shehe naye vilevile, kila mmoja na pikipiki yake. Watahubiri amani, kisha watu watakula. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule na katekista, nimechaguliwa kusoma Maandiko kwa upande wa Wakristo.

"Papa Mwalimu, safari hii hauna sababu," anasema. "Njia yote komite italipa. Ao unangoja tukubebe mu sanduku? Ile hasira yako nayo imezeeka, iko na mvi kuliko weye."

Nilicheka peke yangu. Ana ulimi wa baba yake.

Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kutakuwa na mbuzi wawili. Mmoja atachinjwa na Waislamu na kupikwa upande wa msikiti, mwingine atachinjwa na Wakristo na kupikwa upande wa kanisa. "Komite inasema ni juu ya kuheshimu dini ya kila mutu."

Nikaacha kucheka.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze. Sisi Wabangubangu wa pale tulikuwa na Waislamu na Wakristo katika nyumba moja, wakati mwingine katika tumbo moja la mama. Hakuna aliyeitisha mkutano kuamua tuleje. Mnyama alichinjwa na Mwislamu, basi, ili kila mtu ale. Harusi ya Mkristo, matanga ya Mwislamu, Noeli, Idi: chungu kimoja. Mchinjaji wetu alikuwa Amisi. Siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza alifika kabla ya padri, kisu kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, akaniambia, "Padri akichelewa mutoto hatakufa. Mimi nikichelewa, mtakula majani ya sombe."

Alikuwa na adabu zake katika kazi hiyo, alizofundishwa katika chuo cha Kurani Kasongo alipokuwa kijana. Mbuzi hanolewi kisu mbele ya macho yake. Hachinjwi mbele ya mwenzake. Anapewa maji kwanza. Kisu kiwe kikali, kipite mara moja. Na jina la Mungu litajwe, kwa sababu uhai si wa mchinjaji. Nilimtania kwamba mbuzi wake wanakufa kwa heshima kuliko Wakristo wangu. Alinijibu kwamba hao mbuzi hawajamkosea.

Sasa komite imekuja kutufundisha kuheshimiana, na heshima yenyewe ni kugawa chungu ambacho hata vita haikukigawa.

Lakini nisijifiche nyuma ya vyungu. Kuna jambo ambalo sijaliandika popote kamwe.

Mwaka ule wa vita vijana wenye silaha walijaa kwetu. Wengi walikuwa watoto wetu wenyewe, na walikuwa wa dini zote mbili: huyu ana rozari shingoni, yule ana hirizi mkononi, bunduki ni zilezile. Asubuhi moja walijiandaa kwenda kuchoma kijiji cha jirani. Walitaka baraka kwanza. Wakanileta uwanjani kwa Amisi. Mimi nisome neno la Mungu, Amisi achinje mbuzi ili wamle pamoja kabla ya kuondoka.

Mimi nilianza. Nilijua vizuri pa kufungua. Nikawasomea habari ya mji uliozungukwa kwa tarumbeta mpaka kuta zake zikaanguka, na waliokuwa ndani wakauawa wote, hata ng'ombe na punda. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa msomaji mzuri.

Amisi alikiweka kisu chini. Akasema, "Jina la Mungu siliweki juu ya nyama ya kwendea kuua watu." Hakusema zaidi ya hapo. Wakampeleka nyuma ya nyumba.

Mbuzi alichinjwa na kijana mmoja aliyeokota kisu kile. Hakujua kazi. Nilimsikia mbuzi yule kwa muda mrefu.

Nyama ilipoiva walinipa sahani. Nikala.

Wiki ile ile niliondoka. Watu wa hapa Kigoma wananiita mkimbizi wa vita, nami nimeliacha jina hilo linisitiri.

Siku ya amani padri atasema dini yetu ni ya amani, shehe atasema yao pia, na watu watapiga makofi. Huo ni uongo wa adabu. Kitabu changu nimekisoma maisha yangu yote. Cha Amisi nimekisoma hapa ugenini, kwa tafsiri ya Kiswahili, nikitafuta alikotoa ule moyo. Katika changu kuna kugeuza shavu la pili, na kuna miji iliyoteketezwa. Katika chake kuna neno kwamba aliyeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote, na kuna amri za kupigana pia, zenye mipaka yake. Sikuwasomea vijana wale uongo. Ukurasa ulikuwapo. Mimi ndiye niliyeuchagua, kwa hofu, nikijua kurasa nyingine ziko wapi.

Amisi hakuwa na elimu ya kushindana na mtu kwa aya. Alikuwa na sheria za mbuzi. Mtu aliyezoea kumficha mnyama kisu hakuweza kuwanolea wenzake bunduki.

Na sasa wananiomba nisome tena!

Saa nne nilimpigia katibu wa komite. Nikamwambia nitakuja kwa mashua ya kwanza, kwa masharti mawili: chungu kiwe kimoja, na kabla ya kusoma neno lolote la amani nieleze nilichosoma siku ile na Amisi alikufa kwa nini. "Mzee wangu, tunakuheshimia sana," akasema, "lakini ile ni siku ya furaha. Tusilete maiti ku meza. Usome tu zile za upendo."

Zile za upendo! Kama mtu anayechambua maharage, mabovu huku, mazuri huku, kutegemea mgeni wa siku hiyo. Ndivyo nilivyofanya mimi. Yeye ana bahati tu kwamba mwaka huu mgeni ni amani.

Nikakata simu.

Kisha nikafanya kilichonishinda muda wote huo. Nikamrekodia Zaina ujumbe, nikamweleza yote: tarumbeta, kisu, sahani. Alikuwa na miaka sita wakati ule. Nilidhani ananipenda kwa sababu hajui.

Jibu lilichelewa mpaka mchana. Hakukuwa na kuku wala mtwangio nyuma yake.

"Ya kusoma tulijua, Papa. Mama alikuwa mu jikoni, alisikia sauti yako. Alisema wewe ulikuwa na woga, na woga si zambi ya kumunyimia mutu salamu." Nilidhani ujumbe umekwisha. "Ile ya nyama hatukujua."

Kisha akaendelea:

"Siku yao ya amani nitapika chungu kimoja kwangu, nyuma ya nyumba. Mwenye kutaka akuye, wa musikiti, wa kanisa. Nitawasikilizisha sauti yako yote, na ile ya sahani. Komite ikinuna, inune. Ukikuya, utakula kama wengine. Usipokuya, usinitumie tena maneno mazuri. Nitumie kweli tu."

Nimeusikiliza mara tano. Hakusema amenisamehe, na sitamwuliza.

Najua nikifika itakuwaje. Kwetu mgeni wa miaka mingi hapokewi kwa maneno matupu, huchinjiwa. Hata Zaina, pamoja na alichokisikia leo, atatafuta mbuzi, atampa maji, atatafuta mtu wa kukificha kisu nyuma ya mgongo na kutaja jina la Mungu kwa ajili yangu. Watu watangoja niwe wa kwanza kunyoosha mkono. Nyama ya uwanja ule nimekwisha kuila mara moja.

Sauti yangu iende. Imeruhusiwa na mwenye chungu.

Mimi sitarudi.