Neno Lililomkimbiza Okoth Msituni

Mama Akinyi mke wangu,

Nakusalimu wewe na watoto. Mko wazima? Mdogo wangu Ouma alipoandika kwa niaba yako kwamba "wote ni wazima", nilitilia shaka, maana hakutaja mtu hata mmoja kwa jina. Unanijua, mimi hata chumvi naionja kabla ya kuitia kwenye mboga. Mimi niko salama huku kwenye majani chai, ila baridi ya hapa haina adabu.

Sasa nikueleze habari za ndugu yako Okoth, kabla hajakueleza yeye kwa namna yake.

Tuliposhuka kwenye gari la moshi Fort Ternan, tulikuta mafuriko yamebomoa daraja. Nikaambiwa mimi nyapara niwapitishe watu msituni mpaka shamba jipya, na Mkipsigis mmoja, arap Langat, atuonyeshe njia. Sikumpenda. Alikata kona bila sababu, mara kushoto, mara anarudi nyuma, na ukungu ulikuwa mzito hata sikumwona aliye nyuma yangu. Nilipomuuliza alijibu tu, "Fuata mguu yangu. Usikanyage kwingine." Nikajiambia, huyu ana lake.

Mbele tukakutana na wenzake wawili wenye pinde, wametoka kurina asali. Wakamwita, "Chamgei!" Naye akajibu kwa furaha, "Chamgei mising!"

Mama Akinyi, ukilisikia neno hilo kwa lugha yetu, si ni kusema "kula watu hawa"? Okoth akapiga kelele, "Shemeji, tumeuzwa, tunaliwa!" Akatupa sufuria, akapotea kwenye ukungu.

Watu wangu wakashika panga, wakataka kumfunga arap Langat. Yeye akaniambia, "Hiyo ni salamu tu, bwana. Lakini huko amekimbia iko mashimo ya kutega nyama. Wacha mimi nimfuate, nyinyi kaa hapa kidogo."

Nikakumbuka mama yako alivyonishika mkono, akaniomba nimrudishe mwanawe. Nikimwachia naye ni mwongo, tumepotea sote. Nikimfunga naye ni mkweli, Okoth amekwisha.

Nikamwambia, "Nenda."

Watu wakanijia juu. "Nyapara, una hakika atarudi?" Nikawajibu kwamba sina hakika, njia siijui, na mimi pia simwamini, lakini hakuna atakayeondoka pale. Ajabu, waliposikia sijui, wakatulia. Tukawasha moto, tukasonga ugali, tukawa tunaliita jina la Okoth kwa zamu.

Ugali ulikuwa umepoa arap Langat alipotokea, amembeba Okoth mgongoni, mguu umevimba. Alikuwa ameanguka shimoni. Ndipo nikaelewa zile kona zote, kumbe alikuwa akitukwepesha mashimo. Akamshusha, akanitazama, akasema polepole, "Chamgei."

Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikajibu, "Chamgei mising."

Okoth akamega tonge la kwanza, akampa yeye.

Mwambie mama yako mwanawe yu hai na mguu unapona, habari ya shimo ataieleza mwenyewe. Msalimie mdogo wangu Ouma, safari hii aandike majina. Na shangazi anayekusaidia kulea watoto, mwambie namkumbuka.

Kesho tunaingia msitu wa upande wa pili. Wenye shamba walitaka kutupatia mtu mwingine wa kututangulia, nimekataa, nimemtaka arap Langat. Huyo mwingine simwamini.

Ni mimi mumeo,
Baba Akinyi