Lebo Ilififia, Nikaikoleza kwa Kalamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana moyo umenielemea na sina wa kumwambia, mimi nafungasha dawa katika duka la dawa, na printa yetu ya lebo imenisumbua mwezi mzima, mara itoe lebo nyeupe tupu, mara iruke mbili, mara maandishi yafifie, nami naipiga kofi ubavuni inakubali, hata mwenzangu wa zamu, ninayemwita dada kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi, aliponiambia, "Mdogo wangu, hiyo mashine inaumwa, tumwambie bosi," nikamjibu, "Dada nawe! Imeshazoea kofi," basi Jumanne akaja mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, foleni imefika mlangoni, lebo yake ikatoka haisomeki, nikaikoleza kwa kalamu bila kutazama karatasi ya daktari, penye kidonge kimoja kwa siku nikaandika vitatu, naye akasema, "Ahsante mwanangu, kwa macho yangu haya, umefanya vizuri kuandika kwa herufi kubwa," siku ya nne akaanguka bafuni, amelazwa, hajitambui, binti yake alipokuja na kile kichupa cha dawa, bosi akafungua kompyuta akakuta jina la dada, maana sote wawili tulikuwa tunaingia kwenye kompyuta kwa jina lake, dada akasimamishwa kazi, nami nilikuwa nimesimama pale pale, mshauri, nikanyamaza. Nifanyeje?

Mfungasha dawa

Mwanangu, pole, lakini sitakubembeleza. Lebo ikififia, kichwa cha kuchapia kimeshika uchafu: zima mashine, ipoe, ukifute kwa pamba yenye spiriti. Ikitoka nyeupe, tazama kama roli ya lebo imewekwa kinyume. Ikiruka, saizi ya lebo iliyowekwa kwenye mashine siyo, rekebisha. Kofi halimo. Na lebo isiyosomeka hutupwa, ikachapwa nyingine.

Ila hukuniandikia kwa ajili ya printa. Umenitajia mzee mmoja tu. Je, mwezi mzima umekoleza lebo ngapi? Hujui, sivyo? Basi usimalize gazeti hili. Nenda kwa bosi sasa hivi, mwambie yote, mtoe karatasi za madaktari, mpigie simu kila mgonjwa wa mwezi huu, mmoja mmoja, asome kilichoandikwa kwenye kichupa chake. Huenda kuna mwingine anameza vitatu sasa hivi.

Kisha nenda kwa binti wa mzee. Usijitetee kwa foleni.

Mwisho nenda kwa dada yako, uso kwa uso. Kazi utaipoteza, na huenda yeye asikufungulie mlango. Yaseme hapo hapo nje.