Ndala ya Kushoto

Mama Edgar,

Nimekimbilia Bunju kununua bahasha. Kadi za kipaimara cha mjukuu wetu zinakauka kitandani, usizilalie.

Ndala yako ya kushoto ~~imebebwa na panya mkubwa kama mbuzi, nimemkimbiza mpaka kwa jirani~~ nimeikata mie. Muhuri niliouchonga kwa kiazi ulilainika asubuhi, bado kadi kumi na mbili, na soli yako ndiyo iliyokuwa karibu. Nimechonga njiwa. Kwa wino wa bitiruti alionekana kachinjwa. Kwa bluu yako ya kufulia, karuka.

Usininunie, nakuletea mpya. Kwenye ya kulia nimechonga jina lako, na wino bado mbichi. Ukinichapa nayo, Jumapili nitaingia kanisani na “Genoveva” shavuni.

Baba Edgar