Tathmini ya Jumapili

Kimara,
Dar es Salaam.

Mdogo wangu Ansbert,

Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Bukoba, wewe, Sesilia na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mie nipo, namshukuru Mungu, ingawa presha inanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka hamsini na nane.

Ujumbe wako wa kunitaka niache masomo nimeupata. Umeuliza kama huu uzamili wa mitaala na ufundishaji nausoma ili nikafundishe malaika. Nilicheka hadi jirani Flaviana akaja kuchungulia. Siachi.

Nikueleze. Kila mwalimu huandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi. Mwisho wake kuna tathmini, ambayo hujazwa baada ya kufundisha, kusema watoto wameelewa au la. Wengi wetu huijaza Jumapili, kipindi chenyewe ni Jumatatu, ili mkaguzi akija asikute pengo. Somo limeeleweka, na watoto hata hawajaamka! Tasnifu yangu ni juu ya hilo.

Mwalimu mkuu wetu, Brightson, aliniita ofisini. Akanipa shikamoo, kisha akasema, Mama Isack, unatuvua nguo hadharani; andika kuhusu uhaba wa madawati, utapigiwa makofi. Nikamjibu kwamba madawati hayajawahi kudanganya mtu. Akaninyima ruhusa ya kwenda kuitetea tasnifu Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakwenda. Barua ya kujieleza nimeshaiandika mapema, kama tulivyozoea.

Sasa lililonishikisha kalamu. Katika tasnifu yumo Mwalimu K, ambaye maandalio yake nayachambua. Ni mimi. Andalio la kwanza ni la darasa lako la tano, nilipokuwa nakufundisha hesabu, kugawanya sehemu. Niliandika Jumapili, baada ya misa, kwamba wanafunzi wote wameelewa. Jumatatu ukakwama ubaoni, nikakuchapa, nikamwambia baba kichwa chako kizito. Baba akaniamini, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, akakutoa shule. Mpaka leo unasema hesabu hazikuwa zako.

Kichwa chako hakikuwa na kosa. Ijumaa hiyo nitalisema mbele ya jopo kwa jina langu kamili, wanipe shahada au waninyime.

Nimeambatanisha ukurasa wenyewe. Tathmini yangu nimeikata kwa mstari. Ijaze wewe, hata kwa matusi, unirudishie kwa basi kabla ya siku hiyo. Nitaisoma kama ilivyo.

Msalimie Sesilia, na watoto wote kwa majina yao.

Dada yako,
Kokushubila