Mke wa Bwana Mkubwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na zikukute mikono yako imepumzika kidogo kutoka kwenye unga na tanuri. Usishangae kuona barua hii imekuja kazini badala ya nyumbani. Nimemwomba jirani yetu mshonaji akukabidhi mkononi, kwa kuwa yeye hupita hapo kiwandani kununua mikate. Siku hizi tukikupigia simu anapokea shemeji. Anasema umelala, au unaoga, au uko jikoni, nasi tunamwachia salamu ambazo sijui kama zinafika. Kwa hiyo naomba uisome hukohuko, na ukimaliza uangalie mwenyewe pa kuiweka.

Sisi hapa hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akikaa sana kwenye kigoda, ila mdomo wake ni mzima, na Baba anasema angependa ingekuwa kinyume. Kazi zake Baba zinaendelea. Ua umejaa friji kama ulivyouacha. Nyingine zimeletwa kutengenezwa, nyingine zilishakufa na wenyewe hawajarudi kuzichukua. Mimi tangu nimalize shule nasubiri matokeo, na namsaidia kusugua kutu na kubadilisha mipira ya milango. Mteja akiniuliza jambo bado natazama chini. Baba huwaambia kwamba kumsikia binti yake lazima ukate tiketi.

Habari yangu kubwa ni ya kobe. Najua una mengi ya kufikiri kuliko kobe, lakini naomba univumilie niieleze yote, maana nisipopita huko sitaweza kufika ninakotaka kufika.

Unakumbuka siku shemeji alipokuja kujitambulisha. Alibeba katoni, na ndani yake kulikuwa na kobe mdogo aliyefungwa utepe mwekundu. Alisema amemletea kobe wetu Bwana Mkubwa mke, kwani si haki achukue binti wa nyumba hii bila kuacha binti mwingine mahali pake. Tulicheka wote, Baba mpaka akafuta machozi. Hapohapo kobe akaitwa Bibi Harusi. Bwana Mkubwa, ambaye yuko uani tangu kabla sijazaliwa, alimnusa mara moja akaendelea na majani yake, na Mama akasema huyo ndiye mume, anakutazama kisha anarudi kwenye sahani.

Kwa muda mrefu waliishi hivyo, kila mmoja na njia zake. Bibi Harusi akakua mpaka akakaribia kulingana naye. Joto la mwaka huu lilipoanza, mambo yakageuka. Bwana Mkubwa alianza kumfuata asubuhi tu jua likishagonga sakafu. Anarudi nyuma, anakunja shingo, halafu anamsukumia gamba kwa nguvu zake zote, na mlio wake ni kama mabeseni mawili yanagongana. Bibi Harusi akikimbia anafuatwa. Akifika ukutani anagongwa palepale. Mara nyingine alimpandia mgongoni, na hapo ndipo vicheko vilipozidi. Wateja wa Baba walivuta viti. Mwenye duka la soda alikuwa akija kuulizia friji yake hata baada ya kuambiwa haijawa tayari, mradi tu atazame, na alikuwa akimtia moyo Bwana Mkubwa kama mtu yuko uwanjani. Baba alisema wapenzi hao waacheni. Mama naye alisema mapenzi yana vurugu zake.

Hata wewe ulikuja siku moja ukawakuta katika hali hiyo. Nitairudia siku hiyo baadaye.

Mimi ndiye ninayewapa chakula, kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuona. Bibi Harusi alikuwa na alama za kuumwa kwenye miguu ya nyuma, na moja ilikuwa mbichi. Aliacha kula. Ukimwekea majani mbele ya pua anavuta kichwa ndani. Mchana kutwa alijibana nyuma ya friji ile ndefu, mahali ambapo hata jua halifiki, na kobe asiyeota jua hana siku nyingi. Nikajikaza nikalisema jambo hilo mezani. Nadhani nililisema polepole mno, kwa sababu Mama aliniomba nimsogezee chumvi. Nikarudia. Baba akasema nisiwe na wasiwasi, kila nyumba ina mambo yake, watazoeana.

Nikajaribu ya kwangu. Niliweka sahani mbili mbalimbali, nikidhani wanagombea chakula. Bwana Mkubwa aliiacha yake ikiwa imejaa akaenda kukaa juu ya ile nyingine. Kisha nikachukua zile rafu za waya za kwenye friji zilizokufa, nikazifunga pamoja na kuugawa ua. Hapo nilifanya vibaya zaidi bila kujua. Bwana Mkubwa alikuwa akimwona mwenzake kupitia waya, basi akawa anatembea kando ya rafu kwenda na kurudi kutwa nzima, akisukuma mpaka pua ikachubuka. Bibi Harusi naye alikuwa akimwona akija. Hakuguswa, lakini hakutoa kichwa.

Siku ambayo rafu zilianguka nilikuwa nimetumwa dukani. Niliporudi nilimkuta Bibi Harusi amepinduliwa, tumbo juu, kwenye sakafu ya zege jua likiwa utosini. Miguu ilikuwa inatapatapa polepole sana na povu limemtoka mdomoni. Baba alikuwa amelala chini ya friji ya mteja na redio yake, hakusikia kitu. Nilimgeuza, nikamweka kivulini, nikamwagia maji miguuni. Kisha, dada, nilifanya jambo ambalo hutaliamini. Nilimtia kwenye beseni la nguo na kwenda kwa daktari wa wanyama peke yangu, bila kumuaga mtu.

Pale kulikuwa na foleni ya watu na mbwa wao. Mzee mmoja alichungulia beseni akaniuliza huyo ni mgonjwa au ni mboga. Watu wakacheka. Nilitamani kuingia ndani ya gamba lile mimi mwenyewe, lakini sikuondoka.

Daktari ni mama mnene mwenye buti za mpira, anaongea haraka na hapendi maneno yazunguke. Nilimweleza kwamba huyu ni mke na mume wake anamsumbua. Alimgeuza, akatazama tumbo na mkia, akaniuliza nani aliyetuambia huyu ni mke. Akanionyesha gamba la tumbo lilivyobonyea katikati, na mkia ulivyo mrefu na mnene. Bibi Harusi ni dume, dada. Wote wawili ni madume. Ile tuliyoiita mapenzi ilikuwa vita tangu mwanzo, hata kule kumpanda mgongoni. Alipokuwa mdogo aliachwa kwa sababu hakuwa mshindani, na alipokomaa tu, amani ikaisha.

Nilimweleza kwamba nyumbani wanasema watazoeana. Alisema hapana, hawatazoeana, mmoja ataendelea kupiga na mwingine ataendelea kunyong'onyea mpaka siku mtakayomwokota. Akasema kule porini anayeshindwa huondoka zake, anakwenda mbali, na vita vinaishia hapo. Kisha akaniuliza, hapa kwenu ataondoka kwenda wapi? Akanipa dawa ya vidonda na kuniagiza niwatenge kabisa, kwa ukuta ambao hawawezi kuonana, kwa sababu kumwona tu adui yake kunatosha kumzuia asile.

Nilirudi nikawakuta Baba na wateja wawili uani. Beseni lilikuwa zito na nilikuwa nimechoka kulibeba pamoja na maneno. Nikayasema yote nikiwa nimesimama. Mwenye duka la soda akaangua kicheko, akasema basi harusi ivunjwe na zawadi irudishwe kwa mwenyewe. Mama akasema kumbe ni mafahali wawili zizi moja, na sisi tumekaa tunawapigia vigelegele. Kisha akaanza kuwaza shemeji atajisikiaje akisikia zawadi yake imekuwa hivyo.

Baba hakucheka. Alimchukua Bibi Harusi kutoka kwenye beseni, akatazama miguu yake ya nyuma kwa muda mrefu. Halafu akawaambia wateja warudi kesho. Alichukua bisibisi akaanza kung'oa milango ya friji zilizokufa, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaishika alipokuwa akiisimamisha kwa ubavu na kuifunga kwa vyuma. Sasa ua wetu una ukuta mweupe katikati, milango mingine bado ina vishikio na picha za watoto wa watu zilizobandikwa. Ni ukuta wa ajabu kuutazama, lakini hauonyeshi upande wa pili.

Tulipofika mlango wa mwisho Baba aliniomba nirudie maneno ya daktari kuhusu porini. Nikayarudia. Ni mara ya kwanza ananiomba nirudie si kwa sababu hakunisikia. Alizungusha bisibisi mkononi, kisha akaniuliza kwa nini wewe, ulipokuja mara ya mwisho katika joto lile, hukuvua sweta hata wakati wa kuosha vyombo.

Sasa nairudia siku hiyo. Watu wote uani walikuwa wanacheka, dada, wewe peke yako hukucheka. Ulitoka na mikono ya sabuni ukamwinua Bibi Harusi kutoka mbele ya Bwana Mkubwa, ukamweka ndani ya friji mbovu iliyolazwa, ukamzibia kwa kiti. Ulipomwinua mkono wa sweta ulipanda, na mimi nilikuwa karibu. Uliona kwamba nimeona. Ulisema ni tanuri. Nimefikiri sana tangu siku hiyo, na sijui tanuri lenye alama za vidole.

Nikamwambia Baba. Nisamehe kama hukutaka. Nilidhani atakasirika, lakini alikaa chini juu ya friji, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba siku ile ya mvua ulipokuja na begi, hukuja kumjulia Mama hali kama nilivyoambiwa. Ulikuja kukaa. Na kwamba yeye mwenyewe alikupakia kwenye pikapu asubuhi akakurudisha. Alisema njia nzima hukuongea, na yeye alijaza ukimya kwa maneno. Alikuambia mtazoeana.

Baba hajui kuandika mambo kama haya, ameniachia mimi. Ameniagiza nikuambie kwamba hatakurudisha tena, na atakayekuja kukudai atamkuta mlangoni. Pikapu ina mafuta. Chagua siku, umwambie mshonaji peke yake, na Baba atakuja hapo kiwandani saa za kutoka, si nyumbani kwako. Usibebe kitu. Mama alilia kwanza, kisha akasema watu watasema nini, na asubuhi nilimkuta anaanika godoro lako juani. Cherehani niliyokuwa nimeiweka chumbani kwako nimeihamishia kwangu.

Kama hutaki kuja, sitakulaumu, nitaandika tena. Ila usiniambie ni tanuri.

Bibi Harusi anaendelea vizuri. Siku za kwanza akisikia hatua zetu alijificha. Juzi alitoka mpaka katikati ya upande wake, akaota jua, na akala majani yote bila kutazama nyuma. Lililobaki ni jina. Baba hataki kusikia tena akiitwa Bibi Harusi, na Mama anasema kobe hana haja ya jina. Mimi nimewaambia wote wasimpe jina lingine kwanza. Utampa wewe ukifika.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na mshonaji anakusalimu hata kabla hajakuona. Shemeji safari hii sitamsalimu. Jitunze, na ule.

Ni mimi mdogo wako, ambaye ulimwita
Mnong'ono