Vidole Nyuma ya Mgongo Wangu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu tele. Habari za huko, na baridi yenu imepungua? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unanyanyua ndoo ukijifanya binti? Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa lakini anakula, na mtu anayekula mimi simhesabu mgonjwa.

Nilikwambia nitakwenda mjini kumtazama mwanao, kitinda mimba wangu. Nimekwenda Ijumaa, nimerudi Jumapili, na tangu nirudi sijashona hata kifungo kimoja. Wateja wanakuja, nawaambia cherehani mbovu.

Alikuja kunipokea stendi. Nilimwona kabla hajaniona, amenipa mgongo. Nikamwita kwa lile jina lake la utotoni. Nikaita tena, watu wa pembeni wakageuka wote, yeye hakugeuka. Nilipomshika bega ndipo aliporuka, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Nikasema moyoni, huyu ana jambo. Asiye na jambo haruki.

Kwake ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu, pasafi. Mlangoni hakuna kengele. Ukibonyeza kitufe, taa ya sebuleni inapepesa. Nikamshauri aite fundi umeme. Akatabasamu, akaniuliza kama nimechoka. Mezani alihamisha kiti tukakaa uso kwa uso, na kila nilipofungua kinywa alinikazia macho mdomoni kama hakimu anayengoja shahidi ajikanyage. Nilijifuta midomo mara tatu.

Baadaye alikuwa akiosha vyombo, mimi nimekaa nyuma yake. Nikamuuliza, "Mwanangu, kuna mwanamume?" Hakujibu. Aliendelea kusuuza vikombe. Wewe unajua, swali kama hilo likikosa jibu limeshajibiwa. Basi alipoingia kuoga nikapekua, wala sioni haya kukwambia. Nilitafuta wembe, kiatu kikubwa, hata unywele. Nikakuta mswaki mmoja, na shati la kiume nyuma ya mlango. Nikalishika nikisema leo nimempata. Kulitazama mshono, ni wangu mwenyewe. Ni shati kuukuu la baba yake.

Jumamosi asubuhi akaniaga, anakwenda kazini mpaka saa sita. Sikuridhika. Saa nne nikatia chakula kwenye bakuli nikaenda kile kiwanda cha chapa, maana alinionyesha tulipopita. Harufu ya wino imejaa mpaka barabarani, mashine zinanguruma sakafu inatetemeka. Msimamizi, mzee mwenye kalamu sikioni, ilibidi anitoe nje ndipo tusikilizane.

"Jumamosi haji, mama," akasema. "Hata kwenye mashine tulimtoa tangu mwaka jana. Yuko chumba cha kukunjia karatasi."

"Kwa kosa gani?"

Akanitazama kwa huruma, na mimi nikaichukia ile huruma. "Muulize mwenyewe, mama."

Nikarudi na bakuli langu. Mwaka mzima barua zake ni mashine yangu hivi, mashine yangu vile. Kumbe mwongo.

Saa saba akaja na mwanamke mmoja mrefu, mpole, anayetabasamu bila kusema kitu. Nikawakaribisha, kisha nikageukia dirishani kukunja nguo. Kwenye kioo nikawaona. Vidole vinakwenda mbio, nyusi zinapanda, yule mrefu anauonyesha mgongo wangu, mwanao anatikisa kichwa. Mdogo wangu, nimesengenywa sana duniani, lakini kwa vidole ilikuwa mara ya kwanza.

Nikageuka. "Mnanisema?"

"Tunakusema, mama," mwanao akajibu, akaketi. "Anataka nikwambie leo, mimi sitaki. Sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki kidogo, na daktari anasema nalo linakwenda. Huyu ni mwalimu wangu wa lugha ya alama. Kila Jumamosi niko kwake."

Sikulia. Nilifanya baya zaidi, nilidai haki yangu. Nikamuuliza imekuwaje msimamizi wa watu ajue, mimi niliyemzaa nifichwe.

Alijibu taratibu, bila hasira. "Bibi alipoacha kusikia ulimwita Ukuta. 'Nenda kamwambie Ukuta chakula tayari.' Mimi ndiye uliyekuwa ukinituma."

Ni kweli, nilimwita hivyo mama mkwe. Niliona ni utani, maadamu mwenyewe hasikii. Mtoto alikuwa anasikia.

Siku ile sikuweza kula. Jumapili asubuhi nikamwomba anifundishe neno moja tu, samahani. Vidole hivi vinavyotunga uzi kwenye sindano bila miwani vilikataa kabisa. Nikasema kitu kingine, sijui nini, akacheka mpaka akashika tumbo. Mara ya nne nikapatia. Aliishika mikono yangu akaifunga ndani ya yake, tukakaa hivyo mpaka saa ya kwenda stendi.

Nilipomuuliza nani mwingine kwetu anajua, akatazama pembeni. Hapo nikakukumbuka wewe. Tangu mwaka jana humpigii simu, unamwandikia. Na nilipokulalamikia kwamba hapokei simu zangu, uliniambia, "Mwache, dada, amekua," harakaharaka, kama mtu anayefunika sufuria. Siku mbili hizi naligeuza neno hilo. Nakushuku, mdogo wangu, tena sana.

Kama ulijua, sema. Sitagomba. Ningekuwa wewe, nikafikiria dada niliye naye, nisingemwambia pia. Ila nieleze ni lini alikwambia, na kama alilia. Kilio hicho kilikuwa changu kukifuta, kikakufikia wewe uliye mbali.

Msalimie shemeji yangu, na wanao wote wawili, hasa yule mwenye mapengo. Shemeji yako anakusalimu. Yeye nimeshamhoji, hakujua kitu. Mungu akutunze, na akuzidishie huo moyo unaotunza siri, japo mimi umenichoma.

Wako akupendaye, anayengoja jibu la kweli,

Dada yako.